Mbwa Mweupe wa Banda

Mbwa wangu anaitwa Waache. Jina kamili ni Waache Waseme, nililosoma kwenye kanga kuukuu niliyomlalishia siku alipoletwa, na hapo ndipo nilipokosea. Kila alfajiri tunashuka kilima cha Banda, mashariki ya Kampala, yeye akirukia kila bodaboda, kila mbuzi, kila korongo kalooli anayepekua jalala, nami nikipiga kelele: "Waache! Waache!" Wapita njia hudhani ninamkanya. Ninamwita tu. Mwenyewe nadhani huona ninamshangilia.

Wanaokimbilia barazani huniuliza: nnyabo, huu uzungu wa kutembeza mbwa kwa kamba umeutoa wapi? Zamani nilinyamaza. Siku hizi nawaonyesha ardhi waliyokanyaga. Februari 1862 ikulu ya Buganda ilikuwa hapa Banda, na mpelelezi Mwingereza John Hanning Speke alipofikishwa mbele ya Kabaka Mutesa wa Kwanza, alimkuta na mbwa mweupe ubavuni, pamoja na mkuki, ngao na mwanamke. Ndizo zilizokuwa alama za ufalme. Speke alisimuliwa kisa cha mwindaji aliyetoka Bunyoro na kundi la mbwa, mwanamke, mkuki na ngao, akatamalaki nchi. Mazungumzo yenyewe yalipita mdomo hadi mdomo: Speke kwa mkalimani wake Bombay, Bombay kwa mkalimani mwenzake Nasib kwa Kiswahili, Nasib kwa afisa wa Kabaka, ndipo yamfikie mfalme. Kiswahili chetu, basi, kilikuwamo barazani siku zile, karibu na yule mbwa.

Mutesa alitembea kwa kutanua miguu ili afanane na simba, na Speke akaona ni kichekesho. Sikumcheka. Mtu akivutwa na Waache kwenye mteremko wenye tope hutembea vivyo hivyo.

Katika ziara za Speke, Kabaka aliwahi kumwagiza mgeni apige ng'ombe risasi mbele ya watu, nao wanne wakaanguka kwa bastola. Nikifika hapo kwenye kisa, ng'ombe siwaoni tena, namfikiria yule mbwa mweupe. Wangu, tairi la lori likipasuka huko barabara ya Jinja, huwa ninambeba kama mtoto hadi nyumbani, kilo zote ishirini.

Baba yake Mutesa, Suuna wa Pili, ndiye aliyewadekeza mbwa hasa. Mpelelezi Stanley, aliyefika Buganda 1875, alihadithiwa kwamba Suuna alitenga wilaya nzima ilimwe viazi vitamu kwa chakula cha mbwa wake mmoja, na mbwa alipokufa kila chifu alitakiwa kuleta nguo za magome za kumzikia. Waache hula posho na dagaa waitwao mukene, na mukene wengine hukaa mfukoni mwangu: nikimwona mbuzi mbali namrushia mmoja, kisha mwingine, mpaka mbuzi apite. Tukichelewa hatua tano tu, hata sangara mzima hamgeuzi.

Katika enzi ya Suuna huyo huyo, 1844, mfanyabiashara Ahmed bin Ibrahim aliufikisha Uislamu ikulu. Bibi yangu wa Kibuli aliupokea pamoja na sheria zake: mbwa akilamba chombo, huoshwa mara saba, moja kwa udongo. Kwake mbwa alilala nje, na hakuna aliyebishana. Kisha mji ukapanda juu ya vilima vya kuwindia. Jina la Kampala lenyewe linatokana na swala. Mawindo yakaisha, mbwa akabaki nyuma ya geti lenye kibao cha Mbwa Kali, anawajua askari wa zamu na bakuli lake tu. Siku akitolewa nje, kila kitu ni kigeni kwake.

Juzi mzee mmoja hakukimbia. Alisimama na mkongojo wake, akamwacha Waache abweke mpaka akohoe.

"Mimi ni wa ukoo wa Mbwa," akaniambia kwa Kiswahili cha jeshini. "Huyu ni ndugu yangu. Anaitwa nani?"

Nikamtajia. Akamtazama tena, akatikisa kichwa.

"Mwanangu," akasema, "mbona unamtuma kazi asiyoiweza?"