Mbegu ya maradhi ya moyo hupandwa mapema

MARADHI ya moyo huhesabiwa na wengi kuwa ya wazee na ya wakazi wa mijini. Mzazi wa Kola, kwenye barabara ya kutoka Machakos kwenda Wote, anaweza kuamini kwamba mwanawe apandaye na kushuka vilima kila siku yu salama. Utafiti waonyesha vingine.

Mwaka 1953, madaktari wa Marekani walieleza matokeo ya uchunguzi wa miili ya wanajeshi 300 waliofia vitani Korea. Umri wao wa wastani ulikuwa miaka 22, lakini asilimia 77 walikuwa na dalili za maradhi katika mishipa ya moyo. Utafiti ulioanzishwa mwaka 1973 huko Bogalusa, Louisiana, ulithibitisha kwamba mafuta huanza kujikusanya mishipani tangu utotoni.

Nchini Kenya, uchunguzi wa kitaifa wa mwaka 2015 ulibaini kuwa takriban mtu mzima 1 kati ya 4 ana shinikizo la damu, na zaidi ya nusu ya watu wazima hawakuwa wamewahi kupimwa.

Mambo yanayomhatarisha kijana yanajulikana: chumvi na mafuta kupita kiasi, vinywaji vyenye sukari nyingi, unene, uvutaji wa sigara, ulevi na kukaa bila mazoezi. Shirika la Afya Duniani (WHO) linashauri mtoto wa miaka 5 hadi 17 afanye mazoezi kwa wastani wa dakika 60 kila siku. Chumvi ya mtu mzima isifike gramu 5 kwa siku, kiasi cha kijiko kimoja cha chai, na ya mtoto iwe chini ya hapo.

Hapa ndipo shule inapoingia. Mwanafunzi wa bweni hapandi tena vilima. Hushinda darasani tangu alfajiri hadi masomo ya usiku. Kipindi cha mazoezi ya viungo kimo katika ratiba, lakini kwa kuwa hakina uzito katika mitihani ya kitaifa, mara nyingi hugeuzwa kuwa cha hisabati au sayansi. Nalo duka la shule likiuza soda, krispi na mandazi pekee, mwanafunzi hana la kuchagua.

Chakula cha jadi cha Wakamba hakina lawama. Isyo, yaani mahindi na maharagwe yaliyochemshwa, huwa na mafuta kidogo na nyuzinyuzi nyingi. Kasoro huja chumvi na mafuta ya kukaangia yanapozidi.

Kuhusu sigara, Sheria ya Kudhibiti Tumbaku ya mwaka 2007 inaharamisha kumuuzia aliye chini ya miaka 18, na pia kuuza sigara moja moja.

Si kila ugonjwa wa moyo hutokana na mwenendo. Maambukizi ya koo yasiyotibiwa yaweza kuleta homa ya baridi yabisi, ambayo huharibu vali za moyo. Mabweni yenye msongamano huyaeneza upesi, hivyo mwanafunzi mwenye homa na maumivu ya koo apelekwe zahanati bila kukawia.

Mengi ya haya hayahitaji fedha nyingi. Kipindi cha mazoezi kikiheshimiwa, chumvi ikipunguzwa jikoni, na maembe ya Machakos yakiuzwa dukani msimu wake ufikapo, shule itakuwa imeanza kumkinga mwanafunzi na maradhi ambayo huenda yangejitokeza afikapo miaka 40.