Kompyuta yenye njaa ya umeme: kutoka waya wa pini 6 hadi mto Luviro

BUTEMBO – Mkaaji wa Butembo ao Beni anayenunua kadi ya grafiki ya kompyuta ya mezani huuliza kwanza bei. Swali la pili wengi hulisahau: kadi hiyo itakula umeme kiasi gani, na umeme huo utatoka wapi? Swali hilo lina historia yake, na historia hiyo imefika mpaka wilaya ya Lubero.

Wati ziliongezeka kidogo kidogo

Mwishoni mwa miaka ya 1990, kadi ya grafiki ilichomekwa tu juu ya ubao mkuu wa kompyuta, na ubao uliipa umeme wote. Mwaka wa 2000 ilitoka kadi ya Voodoo 5 5500, ambayo ilihitaji waya wake yenyewe, wa aina ile iliyotumiwa na diski ngumu. Kuanzia 2004 zikaja kadi za PCI Express. Hapo ubao hutoa wati 75. Kadi inayotaka zaidi huvutiwa waya kutoka kisanduku cha umeme: waya wa pini 6 huongeza wati 75, wa pini 8 huongeza wati 150.

Hapo ndipo ajali nyingi huanzia. Ndani ya kisanduku kuna waya mwingine wa pini 8, ule wa prosesa. Unafanana na wa kadi, lakini umeme wake umepangwa kinyume. Kichwa kikikataa kuingia, fundi asikilazimishe: anaweza kuunguza mashine nzima.

Mwaka wa 2022 ukaja waya mmoja wa kubeba hadi wati 600. Kadi ya RTX 4090 ya mwaka huo ilipangiwa wati 450, sawa na balbu 50 za wati 9. Miezi ile ile vichwa vya waya vilianza kuyeyuka kwa baadhi ya wenye kadi hizo. Sababu moja iliyopatikana: kichwa hakikusukumwa mpaka mwisho.

Umeme wenyewe uko wapi?

Bidhaa hufika Butembo na Beni kutoka Mombasa, kupitia Uganda na mpaka wa Kasindi. Umeme haufiki kwa lori. Shirika la serikali la SNEL lilianzishwa mwaka wa 1970, lakini kwa miaka mingi wafanyabiashara wa hapa walitegemea jenereta za mazutu na baadaye nishati ya jua. Jenereta ya wati 1,000 inayowasha duka zima inaweza kushindwa na kompyuta moja yenye kadi kubwa.

Mambo yalianza kubadilika mwaka wa 2013, wakati hifadhi ya Virunga ilipofungua kituo kidogo cha umeme wa maji huko Mutwanga, wilaya ya Beni, chini ya milima Rwenzori. Kiwanda cha sabuni kikapata umeme. Mwaka wa 2014 sheria mpya ilifungulia mashirika mengine mlango ambao SNEL ilikuwa nao peke yake. Kisha kikajengwa kituo cha Luviro, wilaya ya Lubero, chenye nguvu ya megawati 14.6.

Kompyuta zilifika kabla ya nyumba

Mashine za Luviro zilipoanza kuzunguka, waya za kupeleka umeme kwa wakaaji zilikuwa bado hazijakamilika. Maji ya mto hayangoji: umeme usiotumiwa saa ile unapotea. Hifadhi nayo ilikuwa imepoteza mapato ya watalii, kwanza kwa utekaji nyara wa 2018, kisha kwa korona. Mwezi wa 9 mwaka wa 2020 ikaanza kutumia umeme huo kuchimba Bitcoin, pesa ya kompyuta iliyoanza 2009. Kufikia 2022 palikuwa na kontena 10 zilizojaa mashine, 3 za hifadhi na 7 za mwekezaji Mfaransa.

Uchimbaji huo una undugu na kadi ya grafiki. Mwaka wa 2010 watu waligundua kwamba kadi za michezo hufanya hesabu za Bitcoin haraka kuliko prosesa. Kuanzia 2013 zikaja mashine maalumu za kazi hiyo, na ndizo zilizowekwa Luviro.

Hifadhi ilisema pesa hizo zililipa mishahara na kazi zake wakati milango ya utalii ilikuwa imefungwa. Wapinzani waliuliza kwa nini mashine zipate umeme kabla ya mama anayepika kwa makala, wakati makala hayo hukatwa msituni humo humo. Pande zote mbili zina hoja. Lakini kontena zile zilionyesha jambo moja: umeme wa kutosha ulikuwa karibu. Kilichokosekana ni waya, mita na usalama wa kuzifikisha kwenye milango ya watu.

Kwa kijana mwenye kadi mpya mkononi, somo ni lile lile. Ahesabu kwanza wati za kisanduku, kisha za jenereta ao mita ya nyumbani, ndipo achomeke.