Songwe ya miaka 10 na mizimu ambayo haijaandikwa

Mkoa wa Songwe umetimiza miaka 10. Ulimegwa kutoka Mbeya Januari 2016, makao makuu yakawekwa Vwawa, na tangu hapo habari zake zimekuwa za mahindi, kahawa ya Mbozi, foleni ya malori Tunduma na kituo cha pamoja cha forodha ambacho marais wa Tanzania na Zambia walikizindua Oktoba 2019. Haya yote yana uzito wake. Lakini mkoa wenye watu zaidi ya milioni 1.3 una pia mambo yake ya usiku, yale yanayosimuliwa moto ukishafifia, na safari hii nataka tuyatazame hayo kupitia vitabu. Nazungumzia riwaya za mizimu, wachawi na mauaji yasiyoeleweka, zile zinazompeleka msomaji katika zama zilizopita na kumkosesha usingizi. Walimu wengi waliwahi kuzipokonya chini ya madawati. Nadhani walipokonya kitu cha maana.

Historia ya riwaya hizi katika Kiswahili ni fupi kuliko watu wanavyodhani. Masimulizi ya majini na mazimwi ni ya kale, ila kitabu cha kusomwa peke yako kwenye mwanga wa kibatari kilikuja na wakoloni. Mwaka 1929 ilitoka Mashimo ya Mfalme Sulemani, tafsiri ya riwaya ya Rider Haggard, pamoja na ajuza wake mchawi aliyewatia hofu watoto wa shule wa vizazi kadhaa. Shaaban Robert akafuata mwaka 1952 na Adili na Nduguze, yenye majini na ndugu waliogeuzwa manyani. Hapo tulikuwa bado kwenye ngano. Kitu kipya kilitokea Unguja, na kwa sehemu hii ninaegemea zaidi utafiti wa marehemu Elena Bertoncini Zúbková, aliyefundisha Kiswahili Napoli, Italia, na kuiandikia nathari yetu historia ndefu.

Muhammed Said Abdulla alizaliwa Makunduchi Aprili 25, 1918. Alipomaliza shule mwaka 1938 aliajiriwa Idara ya Afya kama mkaguzi, yaani bwana afya, na akaifanya kazi hiyo kwa miaka 10. Naomba msomaji aishike kazi hiyo kichwani, kwa sababu wahakiki wengi huipita mbio. Bwana afya huingia uani kwa watu bila kukaribishwa. Hufunua visima, huchungulia vyoo, huuliza maswali ambayo mgeni mwingine angeona haya kuyauliza, na haondoki kwa kuambiwa tu kwamba kila kitu ni salama. Mtu aliyelelewa na kazi ya namna hiyo, akija kuandika hadithi ya mauaji, hawezi kumwandika mpelelezi mwenye bastola.

Mwaka 1948 aliacha afya akaingia kwenye magazeti. Alikuwa mhariri wa Zanzibari, kisha mhariri msaidizi wa Al Falaq, Al Mahda na Afrika Kwetu. Anayeijua Zanzibar ya zama za siasa atashtuka kidogo kuyaona majina hayo katika maisha ya mtu mmoja. Al Falaq lilikuwa gazeti la Jumuiya ya Waarabu. Mwaka 1954 viongozi wa jumuiya hiyo walishtakiwa na Waingereza kwa uchochezi kutokana na maandishi yake. Afrika Kwetu lilisimama upande wa pili, upande wa Waafrika, na magazeti hayo yalirushiana maneno ambayo leo yangewapeleka wahariri mahakamani kila wiki. Abdulla alikaa kwenye meza zote mbili. Aliona kwa karibu jinsi watu wenye akili zao wanavyoamini habari kwa sababu tu imetoka kwa mtu wa upande wao. Mwaka 1958 akahamia Mkulima, gazeti la kilimo, akabaki huko hadi alipostaafu mwaka 1968.

Katikati ya kelele hizo za siasa, Shirika la Vitabu la Afrika Mashariki, lililoanzishwa Nairobi mwaka 1948, lilitangaza shindano la kutunga hadithi kwa Kiswahili la 1957–58. Abdulla akapeleka Mzimu wa Watu wa Kale. Tajiri mmoja, Bwana Ali Bomani, anakutwa ameuawa mahali ambapo watu huenda kutambika, mahali ambapo mwenye heshima zake hapiti jioni. Mji mzima una jibu tayari. Mizimu imekasirika, basi, kwa nini tuendelee kuuliza? Anatokea Bwana Msa na kiko chake, na rafiki yake Najum, na Inspekta Seif wa polisi, na kazi inaanza ya kuuliza nani alikuwa wapi, nani anarithi nini, nani ni mtoto wa nani. Hadithi ilishinda zawadi ya kwanza na kuchapishwa mwaka 1960.

Ubishi juu ya kitabu hicho haujaisha mpaka leo. Wako wanaosema Bwana Msa ni Sherlock Holmes aliyevishwa kanzu, na ushahidi wao si mdogo: kiko, rafiki wa kuandamana naye, tabia ya kusoma habari za mtu kwa kumtazama viatu. Bertoncini mwenyewe haukani undugu huo. Mimi nasema hoja hiyo inakamata sura na kuacha moyo. Holmes anapambana na wahalifu wa London ambao hakuna jirani anayewadhania kuwa mashetani, na ni mara chache tu Conan Doyle anapomletea jambo linalofanana na miujiza. Bwana Msa anaanza kila safari akiwa amezungukwa na watu waliokwisha kuridhika na maelezo ya kichawi. Kumtafuta muuaji ni nusu ya kazi yake. Nusu nyingine ni kuwaondolea watu hofu inayomficha muuaji huyo. Mzimu, kwa Abdulla, ni mahali pazuri pa kufichia kosa la binadamu, kwa sababu hakuna atakayethubutu kwenda kuangalia.

Kisha yakaja Mapinduzi ya Januari 1964. Ulimwengu wa akina Ali Bomani, wa wenye mashamba na watumishi wao, uliondoka kwa muda mfupi mno. Kitabu kilichoandikwa kama hadithi ya siku zile zile kikageuka kuwa dirisha la kuchungulia enzi iliyopita. Kisima cha Giningi kilipotoka mwaka 1968, kikibeba jina la makao ya wachawi katika masimulizi ya Unguja na Pemba, msomaji wa bara alikuwa anasafiri mara mbili, baharini na nyuma katika wakati. Zikafuata Duniani Kuna Watu mwaka 1973, Siri ya Sifuri 1974, Mke Mmoja Waume Watatu 1975 na Mwana wa Yungi Hulewa 1976. Abdulla alifariki mwaka 1991.

Bara nako hakukulala. Faraji Katalambulla alitoa Simu ya Kifo mwaka 1965 na kuuleta uhalifu katika mitaa ya Dar es Salaam. Elvis Musiba na Ben Mtobwa walichukua barabara ya ujasusi. Hammie Rajab akatupandisha Uluguru kwa Miujiza ya Mlima Kolelo, akitumia jina la mzimu mashuhuri wa Waluguru. Na iliyo karibu nasi kuliko zote ni Mirathi ya Hatari ya C. G. Mung'ong'o, ya mwaka 1977, inayomhusu kijana msomi anayerithishwa uchawi na baba yake. Ni riwaya ya Nyanda za Juu Kusini hasa, yenye baridi yake na vilima vyake. Nani anaisoma leo? Inastahili kusimama mbele ya vitabu vingi vinavyosifiwa kila mwaka.

Wasomaji walikuwapo. Mwaka 1967 karibu theluthi mbili ya watu wazima nchini hawakujua kusoma. Mwalimu Nyerere akautangaza mwaka 1970 kuwa mwaka wa elimu ya watu wazima, na ilipofika 1975 wasiojua kusoma walikuwa asilimia 39. Kabla ya hapo Shirika la Vitabu lilikuwa na maktaba za masanduku na za kutuma vitabu kwa posta, njia iliyofaa sana kwa sehemu za mbali na miji mikubwa. Reli ya Tazara, kilomita 1,860 kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi, ilianza kazi rasmi mwaka 1976 na kupita Tunduma, na safari ndefu ya treni inataka kitabu. Jumuiya ya Afrika Mashariki ikavunjika mwaka 1977 na Shirika la Vitabu likaenda nayo. Miaka ya 1980 ikaja na uhaba wa karatasi, na vitabu vikawa vya kuazimana mpaka majalada yakatoka.

Sasa nifike kwenye jambo linalonifanya nisizione riwaya hizi kama burudani tu. Mwishoni mwa miaka ya 1990 na mwanzoni mwa miaka ya 2000, wilaya ya Mbozi, wakati huo ikiwa mkoa wa Mbeya, ilikumbwa na mauaji ya watu waliochunwa ngozi. Ilisemwa kwamba ngozi hizo zilitakiwa kwa uganga wa utajiri na kwamba Tunduma ilikuwa mlango wa kuzivushia. Familia zilizika watu wao katika hali ambayo sitaielezea hapa. Wazee wa mkoa huu wanakumbuka jinsi giza lilivyoingia na kila mlango kufungwa. Na wanakumbuka pia jambo la pili, lililoumiza karibu sawa na la kwanza: mnong'ono kwamba haya ni mambo ya wakubwa wa uchawi, usiulize, usiseme, usije ukawa wewe unayefuata. Sheria ya Uchawi ipo tangu mwaka 1928. Sheria haikuvunja mnong'ono. Mnong'ono ule ndio ule ule wa mji wa Ali Bomani, na ulifanya kazi ile ile ya kumkinga mtu mwenye kisu.

Kwa hiyo nikisikia kwamba riwaya za mizimu zinawafundisha vijana ushirikina, sikubaliani hata kidogo. Mbaya zipo, tena nyingi, zinazomwacha msomaji na woga alioanza nao. Lakini mkondo uliofunguliwa na Abdulla unamfundisha kijana kwenda kuangalia. Kijana aliyezoea kumfuata Bwana Msa hadi ndani ya pango hataridhika akiambiwa mtoto wa jirani amechukuliwa na mizimu.

Songwe ina mali ya kuandikia riwaya kama hizo, na mfano mmoja unatosha. Katika kijiji cha Ndolezi, Mbozi, kuna Kimondo, pande la chuma na nikeli lenye urefu wa mita 3 na ushei na uzito unaokadiriwa kuwa tani 16, mojawapo ya vimondo vikubwa kabisa vinavyojulikana duniani. Wenyeji walikifahamu tangu zamani, wakakinyamazia. Mwaka 1930 mpimaji ardhi kutoka Johannesburg, W. H. Nott, akakiandikia taarifa, na dunia ikaambiwa kwamba kimegunduliwa. Mwisho wa mwaka huo huo mtaalamu wa miamba wa serikali ya kikoloni alikuja na msumeno wa chuma wa kawaida akakata kipande, kazi iliyochukua saa nyingi, na mkato huo unaonekana hadi leo.

Mwaka 1967 kikawekwa chini ya ulinzi wa sheria kama kumbukumbu ya taifa. Fikiria riwaya inayoanzia usiku wa kabla ya msumeno kufika: kijiji kilichotunza siri kwa vizazi, mgeni mwenye darubini ya kupimia, mhunzi anayejua zaidi ya anavyosema, na asubuhi mtu mmoja hayupo. Unguja ina Giningi yake, Uluguru ina Kolelo. Sijawahi kuisoma riwaya inayoanzia Ndolezi, na kama mtu wa ukanda huu jambo hilo linaniuma.

Shuleni yapo matumaini. Wanafunzi wa sekondari wamekuwa wakisoma Takadini ya Ben Hanson, hadithi ya jamii ya kale ya Washona ambamo mama anakimbia na mtoto wake mwenye ualbino ili asiuawe. Ni riwaya ya zama zilizopita, na hofu iliyomo ndani yake ni hofu ya leo. Mwanafunzi wa Tunduma haelezwi mara mbili inahusu nini.

Nje ya shule, hadithi za kutisha zilihamia kwenye magazeti ya burudani yaliyoibuka baada ya vyombo vya habari binafsi kuruhusiwa, ambamo Eric Shigongo alijenga umati wa wasomaji kwa riwaya za mfululizo. Sasa ziko kwenye simu, za kusoma na za kusikiliza. Madereva wanaosubiri Tunduma zamu ya kuvuka mpaka kwenda Nakonde, Zambia, wana muda mwingi wa kuzisikiliza.

Jambo la kufanya lipo na wala si la kesho kutwa. Taasisi ya Elimu Tanzania inasimamia Tuzo ya Taifa ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu, ambayo riwaya ni mojawapo ya nyanja zake, na miswada inayoshinda huchapishwa ili ifike shuleni. Mzimu wa Watu wa Kale nao ulianza kama mswada wa shindano, ulioandikwa na mhariri wa gazeti la wakulima. Mwalimu wa Ileje, karani wa forodha wa Tunduma au mkulima wa kahawa wa Mbozi mwenye daftari na hadithi ya bibi yake ana njia ile ile mbele yake, na halmashauri za mkoa huu, zinazopanga bajeti za maadhimisho, zinaweza kuanza kwa kuwanunulia wanafunzi wa sekondari nakala za vitabu nilivyovitaja humu.