Mbalamwezi na Sambaza: Saa ya Mwezi katika Ziwa Kivu

Mwezi huchelewa kuchomoza kwa wastani wa dakika 50 kila siku. Siku ya mwezi, yaani muda kati ya kuchomoza kwake leo na kesho, ni takriban saa 24 na dakika 50. Pwani ya Afrika Mashariki ratiba hiyo husomwa majini: bahari hujaa na kupwa mara mbili katika muda huo, na samaki, ndege na kaa hula kwa kuifuata. Mkoa wa Kivu Kaskazini, nchini Kongo, hauna bahari, na maji ya Ziwa Kivu hayapandi wala kushuka kwa nguvu ya mwezi kwa kiasi cha kuonekana kwa macho. Huko mwezi hupanga saa za kula kwa njia moja tu, nayo ni mwanga. Mahali panapoonyesha jambo hili waziwazi ni mwambao wa Masisi, kutoka Sake hadi Bweremana, wanakovuliwa samaki wadogo waitwao sambaza.

Ni rahisi kudhani kwamba elimu ya kuvua kwa kufuata mwezi ni ya tangu enzi na enzi, hasa kwa kuwa mkoa huohuo una kifaa kinachotajwa sana katika historia ya kuhesabu mwezi. Mwaka 1950 Mbelgiji Jean de Heinzelin alichimbua mfupa mdogo huko Ishango, pale mto Semliki unapotoka Ziwa Edward. Mfupa huo una umri wa takriban miaka 20,000 au zaidi, nao umechanjwa alama katika safu tatu. Jumla ya alama ni 60 katika safu mbili, na 48 katika ya tatu. De Heinzelin aliona humo mchezo wa hesabu. Alexander Marshack, Mmarekani, akadai kwamba ni kalenda ya mwezi ya miezi ipatayo sita. Watu wa Ishango walikuwa wavuvi, kwani vyusa vyao vya mfupa vimepatikana hapohapo, kwa hiyo dai la Marshack lina mvuto. Hata hivyo, halijathibitishwa, na hakuna uzi unaounganisha mfupa huo na wavuvi wa leo wa Sake.

Milimani Masisi, saa ya mnyama haikuwa ya mwezi bali ya jua. Ng'ombe hukamwa alfajiri, hupelekwa malishoni, hunyweshwa, na jioni hurudi zizini. Jamii nyingi za wafugaji wa Maziwa Makuu ziligawa mchana kwa kazi hizo. Mwanazuoni John Mbiti aliandika mwaka 1969 jinsi watu wa Ankole, Uganda, walivyotaja saa kwa hali ya ng'ombe, na kabla yake, mwaka 1940, mwanaanthropolojia Evans-Pritchard alikuwa ameeleza jambo kama hilo kwa Wanuer wa Sudan Kusini ya leo. Malisho ya Masisi yalipanuka katika karne ya 20, enzi za walowezi wa Kibelgiji na za Wanyarwanda waliohamishiwa Gishari kuanzia mwaka 1937, lakini ratiba ya ng'ombe ilibaki ileile ya mchana. Watu wa Walikale, nchi ya msitu mnene na mito kama Lowa na Oso, huvua kwa mitego na ndoana. Chini ya miti ile mbalamwezi hupenya kidogo tu.

Ziwani nako mwezi haukuwa na kazi kubwa hadi juzijuzi. Ziwa Kivu lina kina cha mita 485, lakini samaki huishi katika tabaka la juu tu, kwa sababu chini ya mita 60 au 70 hakuna oksijeni na maji yamejaa gesi za kaboni dioksidi na methani. Ghuba ya Kabuno, mbele ya Sake, imebanwa na lava za volkano hata karibu itengwe na ziwa kuu. Spishi za samaki zilikuwa chache, nazo zilikaa karibu na ufuko. Katikati ya ziwa vijidudu vya majini vilielea bila samaki wa kuvila.

Kati ya 1958 na 1960 utawala wa Kibelgiji ulileta vifaranga vya dagaa kutoka Ziwa Tanganyika. Spishi mbili zilikusudiwa. Iliyostawi ni moja, Limnothrissa miodon. Ndiyo sambaza. Samaki huyohuyo alipelekwa pia katika bwawa la Kariba mwishoni mwa miaka ya 1960, na huko anaitwa kapenta. Si wote waliofurahia: mwaka 1986 mtafiti Henri Dumont alidai kwamba sambaza wamefuta jamii ya vijidudu vikubwa vya Kivu na hivyo kupunguza chakula chao wenyewe.

Uvuvi wa taa nao ulitoka Tanganyika, ukaenea Kivu katika miaka ya 1980, baada ya mradi wa Umoja wa Mataifa ulioendeshwa Gisenyi, upande wa Rwanda. Mitumbwi mitatu hufungwa pamoja kwa miti mirefu, wavu huning'inizwa chini yake, na taa za karabai huwashwa juu ya maji. Mchana sambaza hujificha kina kirefu kwa makundi. Giza likiingia, vijidudu hupanda na sambaza hupanda kuvila. Taa huvuta vijidudu na samaki mahali pamoja, kisha wavu huinuliwa. Mbalamwezi huharibu mpango huo, kwani mwanga ukienea ziwa zima taa haina tena mvuto, na samaki hutawanyika.

Hapo ndipo zile dakika 50 zinapokuwa saa ya kazi. Karibu na ikweta jua hutua takriban saa kumi na mbili jioni mwaka mzima, kwa hiyo hesabu ni nyepesi. Mwezi mpevu huchomoza jua linapotua na kung'aa hadi alfajiri: usiku huo hauna faida. Siku tatu baadaye huchomoza karibu saa mbili na nusu, na giza la mwanzo wa usiku linatosha kwa mvuo mfupi. Baada ya wiki moja huchomoza karibu saa sita. Kabla ya mwezi mpevu mambo hugeuka: mwezi nusu hutua karibu saa sita, na anayetaka samaki husubiri utue. Mwezi mwandamo ndio msimu hasa.

Nchini Marekani, John Alden Knight alianza mwaka 1926 kuunda nadharia ya saa za kula kwa samaki na wanyama wa porini, kisha akatengeneza majedwali yake, akiamini kwamba mwezi huwaamsha unapokuwa juu ya utosi au chini ya miguu. Majedwali hayo bado huuzwa, na saa za mkononi hubeba hesabu zake, ingawa ushahidi wake ni dhaifu. Mvuvi wa Kivu hasomi nguvu ya kimya ya mwezi. Anasoma giza, na hesabu yake ina msingi imara zaidi.

Miaka ya karibuni taa za LED zinazochajiwa kwa jua zimechukua nafasi ya karabai nyingi na kupunguza gharama ya mafuta ya taa. Hazijaushinda mwezi: siku za mwezi mpevu mitumbwi bado hukaa ufukoni, na wavuvi hutumia siku hizo kushona nyavu.