Barafu iliyokaa masaa kumi: vile joto na halijoto vilitenganishwa

Nianze na swali lililoniangusha mimi mwenyewe mu ekzame ya fizika, kwenye sekondari. Sufuria ya maji inachemka juu ya mbabula. Ukiongeza makala, maji yatakuwa moto zaidi? Niliandika ndiyo, tena kwa uhakika wote. Nikapata zero. Zero haikuniuma sana. Kilichoniuma ni kwamba hakuna aliyetueleza kwa nini. Formula iliandikwa ubaoni, tukaikariri, mambo yakaisha.

Shida moja ni lugha. Kwetu neno "moto" linabeba mzigo wote: moto wa kuni, maji iko moto, mtoto iko moto juu ya homa. Darasani wanatuletea chaleur na température, na sisi tunazishika kama majina mawili ya kitu kimoja. Watanzania wanasema joto na halijoto, na kusema ukweli hilo neno la pili limetengenezwa vizuri: ni hali ya joto, si joto lenyewe. Nitayatumia hayo mawili hapa.

Lakini tusijilaumu mno. Wasomi wa Ulaya walikaa na termometa zaidi ya miaka 100 wakichanganya vilevile. Fahrenheit alitangaza vipimo vyake 1724, Celsius vyake 1742, na bado watu waliamini kwamba termometa ikipanda, joto limeingia, na isipopanda, hakuna kitu kimeingia. Chombo chenyewe njo kiliwadanganya.

Mtu aliyefungua fundo hili ni Joseph Black. Alizaliwa 1728 Bordeaux, Ufaransa, baba yake akiwa mfanyabiashara wa mvinyo. Alisomea udaktari, na kuanzia 1756 alifundisha Glasgow, Uskoti. Alianza na jambo ambalo wengine walishaliona bila kulielewa. Chukua maji ya digri 100 na zebaki ya digri 150, kwa kipimo cha Fahrenheit, ujazo uleule, uchanganye. Wewe ungesema itatoka 125, si ndiyo? Inatoka 120. Zebaki imeshuka digri 30, maji yamepanda 20 tu. Na zebaki ni nzito kuliko maji zaidi ya mara 13! Kama joto lingegawanyika kwa kufuata uzito, zebaki ingeyashinda maji kabisa. Black akaona kwamba kila kitu kina uwezo wake wa kubeba joto, na uwezo huo haujulikani kwa kuangalia ukubwa wala uzito. Joto lilelile likiingia mu vitu viwili, linaweza kuvipandisha digri tofauti.

Kiisha akageukia theluji. Sisi barafu tunaionaga kwenye frigo tu (na wachache kwenye kilele cha Ruwenzori), lakini kule Uskoti theluji inalala nje wiki nzima hata jua likiwaka. Black akajiuliza: kama barafu iliyofika kiwango cha kuyeyuka inahitaji joto kidogo tu ili iwe maji, kwa nini theluji yote ya milimani haiyeyuki kwa mara moja na kuleta mafuriko ya kutisha?

Akachukua chupa mbili za kioo zinazofanana, zenye maji kipimo kimoja. Moja akaigandisha. Nyingine akaipooza mpaka digri 33 za Fahrenheit, yaani karibu kabisa na kuganda. Akazitundika mu chumba kikubwa chenye digri 47, akangoja. Chupa ya maji ilifika digri 40 kwa nusu saa. Ile ya barafu ilifika digri 40 hiyohiyo baada ya masaa 10 na nusu.

Hebu mfikiri. Chumba ni kimoja, kinatoa joto kwa chupa zote mbili. Nusu saa moja ilitosha kupandisha maji digri 7, na barafu ilikaa nusu saa 21. Piga hesabu: 21 mara 7 ni 147. Toa zile digri 8 ambazo maji ya barafu yalipanda yenyewe, kunabaki 139. Joto lote hilo liliingia na termometa haikuliona. Lilitumika kugeuza barafu kuwa maji, basi. Kipimo cha leo ni digri 144. Mtu mwenye chupa mbili na saa ya ukutani alikosea kidogo vile!

Mu 1762 akafanya vivyo hivyo na maji juu ya moto. Dakika kama 4 yakaanza kuchemka, lakini yalihitaji kama dakika 20 zingine kukauka yote, moto ukiwa uleule. Hapo njo jibu la ekzame yangu. Maji yakishachemka, makala unayoongeza inakwenda kwenye mvuke. Halijoto imesimama, joto linaendelea kuingia, na makala inaisha. Maharagi hayaivi haraka zaidi.

James Watt, fundi wa vyombo palepale chuoni, alishangaa kuona mvuke kidogo unapasha maji mengi, akamuuliza Black, naye akamweleza. Watu wanapenda kusema kwamba injini ya Watt ilitoka hapo moja kwa moja. Watt mwenyewe alikataa, na mimi namwamini.

Black hakuwa sahihi kwa kila kitu. Kama wengi wa wakati wake alifikiria joto kama kitu kinachojificha ndani ya maji. Lavoisier alifika hata kuliweka, kwa jina calorique, mu orodha yake ya elementi ya 1789. Ilibidi kungoja Rumford, aliyechemsha maji kwa kutoboa mizinga tu, bila moto, 1798, na Joule miaka ya 1840, ili joto lijulikane kuwa ni nishati. Hesabu ya barafu haikuanguka na ile nadharia.

Jambo la ajabu: Black hakuchapisha kitabu juu ya haya yote. Alifundisha tu, kwanza Glasgow, halafu Edinburgh. Alikufa 1799. Kule Sweden, Wilcke aligundua jambo hilohilo peke yake na kulitangaza 1772. Mafundisho ya Black yalitoka kitabuni 1803, John Robison akiyakusanya. Kwa miaka 40 yalikuwa yanatembea mu makaye ya wanafunzi.