Asili na Sababu Zake: Haja ya Utafiti katika Nchi ya Morogoro

Mtu asimamaye Turiani wakati wa masika na kutazama magharibi huyaona mawingu yamelala juu ya milima ya Nguru, na baada ya muda mfupi maji ya mto Diwale hubadilika rangi. Ukiuliza kwa nini mlima hupata mvua nyingi kuliko tambarare ya Mtibwa, majibu ni mawili. La kwanza lasema kwamba pepo za Bahari ya Hindi hupanda mlima, hupoa na kumwaga maji. La pili lataja mizimu na matambiko. Iko falsafa ishikayo kwamba jibu la namna ya kwanza latosha kwa kila jambo, wala hakuna kilicho nje ya ulimwengu huu kiingiliacho mambo yake. Wako wanaoikubali na wanaoikataa, nami sina nia ya kuwapatanisha. Nataka ichunguzwe, na ichunguzwe kwa Kiswahili.

Shida yaanza kwenye jina. Maumbile latokana na kuumba, na penye kuumba pana aliyeumba. Basi asemaye "falsafa ya maumbile" amekwisha kumkaribisha Muumba kabla ya hoja kuanza. Tabia latoka katika shina la Kiarabu lenye maana ya kupiga chapa, nalo kwetu limeelekea zaidi mwenendo wa mtu, ijapokuwa twasema pia tabia ya nchi. Neno la Kilatini natura latokana na kuzaliwa, si kuumbwa. Kwangu mimi asili, yaani shina, ndilo lifaalo, ingawa limechoshwa na matumizi mengi.

Wengi hudhani kwamba fikra hizi ni za kigeni. Husimuliwa jinsi watu mwaka 1905 walivyoyapokea maji ya Kinjikitile Ngwale wa Ngarambe, wakiamini kuwa risasi za Wadachi zingegeuka maji. Na Kolelo, mzimu wa pango la Uluguru, hutajwa pamoja na habari hizo. Masimulizi huishia hapo. Lakini katika miaka ya 1950 serikali ya Kiingereza iliwalazimisha Waluguru kuchimba matuta ya ngazi ili kuuzuia mmomonyoko. Wakulima wakajibu kwamba udongo wao ni mwembamba, na kwamba kuchimba kwazika ule wenye rutuba na kuutoa juu ule usiozaa. Mwaka 1955 zikazuka ghasia, na mpango ukaachwa. Sisemi kwamba kila aliyepinga alikuwa mwanafalsafa. Kazi ya lazima ilichukiza, na siasa ilikuwamo. Hata hivyo hoja ile ya udongo haikutaja mzimu wala tambiko. Ilitaja sababu na matokeo yaliyoonekana shambani, na wataalamu wa baadaye waliona kuwa ilikuwa na haki.

Tarehe 23 Februari 1970 mvua kubwa ilinyesha Mgeta kwa saa chache, na milima ikaporomoka mahali zaidi ya elfu moja. Watafiti walipohesabu waliona kwamba maporomoko yaliyoanzia msituni yalikuwa machache mno, na mengi yalianzia mashambani na penye majani. Hiyo ni faida ya kutafuta sababu: mtu ajua mahali pa kuacha miti.

Mwanalugha angeongeza swali lake. Twasema mlima umeporomoka, na twaweza kusema umeporomoshwa. Usemi wa pili wadai mtendaji, na msikilizaji ana haki ya kuuliza, "Na nani?" Wa kwanza haumdai, jambo limetukia, basi. Kiswahili chenyewe, kwa kiambishi kimoja, kimeacha nafasi kwa falsafa hii, bila kumlazimisha msemaji kuifuata. Je, Kinguu, Kizigua na Kiluguru hufanya vivyo hivyo wasemapo habari za maradhi, mavuno na radi? Turiani wasemaji wa lugha hizi hukutana sokoni, na kazi ya kuyaandika maneno yao yaweza kuanzia hapo.