Mashamba Yenye Majina

Kitongoji cha Ireland kina jina ambalo serikali inalijua. Ndani yake, kila shamba lina jina lake tena, na hilo hujulikana kwa wenye shamba na majirani tu.

Majina ya vitongoji yaliwahi kuandikwa. Katika upimaji wa nchi nzima ulioanza mwaka 1824 kwa ajili ya kodi ya ardhi, msomi John O'Donovan, mtoto wa mkulima, alizunguka kaunti baada ya kaunti akiwauliza wazee wa Kiairishi jina hutamkwaje na limetoka wapi. Vitongoji zaidi ya 60,000 vikaingia kwenye ramani, ingawa kwa tahajia ya Kiingereza. Majina ya mashamba yakabaki midomoni mwa watu.

Hasara ilikuwa kubwa, maana huko ndiko yalikolala mambo mazito. Gort an Aifrinn, shamba la Misa, ni kumbukumbu ya enzi ambazo sheria ziliwabana Wakatoliki, padri akasalisha porini juu ya jabali. Kwenye shamba la cillín walizikwa watoto wachanga waliofariki kabla ya kubatizwa, kwa kuwa Kanisa liliwanyima nafasi makaburini. Wengi walizikwa usiku, bila ibada, chini ya jiwe lisilo na maandishi.

Kuna na shamba la lios, yaani boma la mviringo la udongo lililojengwa zaidi ya miaka elfu moja iliyopita. Wenyeji waliamini kuwa viumbe wasioonekana wanaishi humo. Mkulima alilima akilizunguka tuta, na mti wa miiba ulioota juu yake hakuugusa, akihofia ng'ombe wake wangekufa au maradhi yangeingia nyumbani. Hofu hiyo imeokoa maboma mengi sana.

Kati ya 1937 na 1939, Tume ya Simulizi za Jadi ya Ireland iliwakabidhi watoto kazi ya kukusanya kumbukumbu kama hizi. Wanafunzi wapatao 50,000 waliwaketisha bibi na babu zao wakawauliza, kisha wakaandika daftarini, mara nyingi pamoja na jina na umri wa msimulizi. Humo limo shamba la kisima, limo na shamba la tanuri la chokaa ambalo moto wake ulizimika zamani.

Baadaye matrekta yakaja, nyua zikang'olewa, mashamba matatu yakawa moja na majina mawili yakapotea. Katika kaunti ya Meath, wanakijiji waliojitolea waliwafuata wakulima shamba kwa shamba, wakayachapa maelfu ya majina kitabuni mwaka 2013.